Foronya Uliyoitafuta Tulipohama Homa Bay

Mpendwa Mama Mdogo,

Juma lililopita mjukuu wako Anyango alinipigia simu kutoka Nairobi. Anahama nyumba, na amekodi watu wa kuja kumfungia vyombo. Akaniuliza, "Mama, niwaachie tu nyumba ilivyo, au kuna kitu natakiwa kufanya kwanza?" Nikaanza kumwambia. Osha kila kitu na ukikaushe. Mwaga mafuta yote. Tenga chumba kimoja ambacho hawataingia. Nikaendelea hadi akanikatiza: "Ngoja nitafute kalamu. Haya yote uliyajua wapi?" Nikamjibu, kwa nyanya yako. Tulipomaliza nilikaa na simu mkononi muda mrefu, kwa sababu yapo ambayo sikumwambia yeye, na wewe mwenyewe sikukwambia kwa miaka yote tuliyoishi pamoja.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichokuwa chetu mimi na wewe. Kabla hujaja, nyumba yetu ya Homa Bay ilizungumza Kijaluo. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa na miaka kumi. Mwaka mmoja na nusu baadaye Baba akakuleta wewe, Mkuria wa Kehancha uliyesomea ng'ambo ya mpaka, Musoma, na Kijaluo chako kilikuwa salamu tu. Kuanzia siku hiyo mezani tukazungumza Kiswahili ili nawe uelewe. Baba hakuona shida. Mimi nilikihesabu Kiswahili kuwa kitu kingine ulichonipokonya.

Majirani wakakuita Mama Awuor, kama ilivyo desturi, mke kuitwa kwa jina la mtoto aliye nyumbani. Nami nilimsahihisha kila aliyesema hivyo: "Mama Awuor alikufa." Nilisema hata ukiwa umesimama pale pale. Wewe uliendelea kuchambua mchele wako. Mwishowe Baba akasema nikuite Mama Mdogo, tukaishia hapo.

Miaka michache baada ya uhuru, maafisa wa Kizungu walikuwa wakiondoka mmoja mmoja na nafasi zao zikijazwa na watu wetu. Baba alikuwa msaidizi katika idara ya mifugo. Siku moja alirudi na barua: amepandishwa cheo, sasa yeye ndiye Bwana Mifugo, na kituo chake ni Migori. Alikuwa na jambo jingine ambalo lilimfurahisha karibu sawa na cheo chenyewe. Idara ingelipa kampuni ya Kisumu kuja kufunga vyombo vyetu na kuvisafirisha. "Walikuwa wakifungiwa wao," alisema. "Sasa na sisi tutafungiwa." Yeye akatangulia Migori siku ya Jumapili. Wafungaji wangefika Alhamisi na kumaliza Ijumaa. Ulibaki na mimi na siku tatu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilijua jambo moja kuhusu Migori: kutoka hapo kwenda Kehancha, kwenu, ni karibu. Kaburi la mama yangu lilikuwa nyumbani kwa Baba, upande wa Kisegi. Kila maili ya kwenda Migori ilikuwa maili ya kumwacha yeye na kukusogelea wewe. Nikajiambia kuwa ni wewe uliyemshawishi Baba aombe kituo kile.

Hukuwahi kuwaona wafungaji wakifanya kazi, kwa hiyo Jumatatu asubuhi ulikwenda kuuliza kwa Mama Ouma, mke wa karani wa mahakama, jirani yetu wa ukuta mmoja. Nami nilikuwepo. Mama Ouma alikuwa amempakata mtoto wake mdogo, akacheka hadi mtoto akashtuka.

"Hao watu? Hao wanafunga kila kitu. Yule Mzungu wa barabara, alipofika Nairobi akafungua sanduku, akakuta jivu! Jivu ya jikoni, imefungwa na gazeti vizuri kabisa. Mama Awuor, ukiacha mtoto amelala, watamfunga."

Wewe hukucheka sana. Ulirudi nyumbani, ukasimama katikati ya sebule ukiwa umefunga kanga kiunoni, ukatazama nyumba kama mtu anayetazama shamba kabla ya kulima. Kisha ukasema, "Awuor, tutatumia chumba chako."

"Kukifanyia nini?"

"Kitakuwa chumba cha vitu visivyofungwa. Vyeti vya baba yako, dawa, birika, chakula cha njiani, nguo za siku tatu. Tutakitia kufuli na wafungaji hawataingia."

"Kwa nini chumba changu? Kwa nini si chako?"

"Kwa sababu mlango wako ndio wenye kitasa kizima."

Ilikuwa kweli. Lakini nilikwenda kulia nyuma ya jiko kana kwamba umenitoa ndani ya nyumba.

Siku hizo tatu ulinifundisha kuhama. Tulimwaga mafuta ya taa kutoka kwenye taa zote na kwenye stovu, tukaviacha wazi vikauke, kwa sababu tone moja likivuja ndani ya sanduku litanuka kwenye shuka mwaka mzima. Tulisugua sufuria kwa majivu na kuzianika juani. "Kinachoingia na maji kitatoka na ukungu," ulisema. Tulifungua vitanda kwa bisibisi, na kila kitanda skrubu zake ukazifunga kwa kitambaa kwenye mguu wake wenyewe. Tulitoa droo moja moja, tukazimwaga sakafuni, maana droo ikifungwa na takataka zake, takataka nazo zinasafiri. Unga uliobaki tulipima wa kula hadi Jumamosi. Na kwenye baraza ya nyuma tukaanza fungu la vitu vya kugawa: ndoo iliyotoboka, viatu vilivyonibana, pazia za zamani, kiti cha miguu mitatu.

Jumanne tukafika kwenye sanduku la bati la mama yangu. Lilikuwa chini ya kitanda changu, nami nilikuwa nimengojea siku hiyo kama mtu anayengojea ugomvi. Ulichuchumaa karibu nalo lakini hukuligusa.

"Hili la mama yako," ulisema. "Wewe ndiye wa kuamua. Lifungwe na vingine, au likae nasi?"

Nilikuwa nimejiandaa kukuzuia usilitupe. Hukunipa nafasi hiyo, na hasira yangu ikakosa pa kwenda. Ndipo nikasema, "Ni wewe uliyemwambia Baba aombe Migori. Unataka kwenu."

Uliinua uso. Nilifikiri utanipiga, na nadhani nilitaka unipige, ili nipate la kumweleza Baba. Ulisema tu, "Basi likae nasi," ukalisukuma sanduku pembeni mwa chumba, ukaenda kuteremsha picha ukutani.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Jumatano mchana ulikwenda posta. Uliniambia nibebe fungu la baraza ya nyuma nimpelekee Mama Ouma, achague anachotaka. Badala yake niliingia chumbani mwenu. Chini kabisa ya kabati, nyuma ya mablanketi, palikuwa na foronya nyeupe iliyofungwa kwa utepe. Nilikuwa nimeifungua zamani, siku nilipokuwa nikipekua vitu vyako nikiwa peke yangu nyumbani, kwa hiyo nilijua kilichokuwamo. Sweta tatu ndogo za manjano, ulizofuma kwa mkono. Kofia mbili. Soksi ambazo hazikupita urefu wa kidole changu. Niliichukua, nikaiweka juu ya pazia za zamani, nikavuka ua.

Mama Ouma alifungua foronya akapiga kigelegele. Akaniuliza kwa Kijaluo kama una hakika unazitoa. Nikamwambia umesema huzihitaji tena.

Sikukosea, Mama Mdogo. Wala haikuwa haraka ya kuhama. Nilijua.

Wafungaji walifika Alhamisi asubuhi na lori: wanaume watatu, mbao, misumari, magazeti na magunia ya nyasi kavu. Mkubwa wao, Bwana Wekesa, alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mpole, aliyezungumza na vyombo alipovifunga. Uliwapa chai kabla hawajaanza. Akazunguka nyumba nzima, akarudi akitikisa kichwa.

"Mama, mimi nimefungia watu tangu wakati ya wakoloni. Sijawahi pata nyumba imetayarishwa namna hii. Hata skrubu umefungia kwa mguu ya kitanda!"

Ulitabasamu. Nilikuwa sijakuona ukitabasamu kwa watu wa nje. Kazi ikaenda. Sahani zikavishwa gazeti moja moja, zikasimamishwa kwa makali yake ndani ya nyasi. Saa ya mezani mtu alisahau kuizima, ikalia ndani ya sanduku lililokwisha pigwa misumari, na wote tukalitazama sanduku mpaka saa ikachoka. Kiatu changu kimoja kilifungwa pia. Nilikuwa nimekiacha sebuleni ingawa ulinionya, na nilikwenda Migori na ndala zako.

Ijumaa asubuhi ulikwenda kwenye kabati. Sasa naelewa kwa nini hukuwa umeileta foronya mapema kwenye chumba chenye kufuli. Chumba kilikuwa changu, na hukutaka niione. Ulingoja dakika ya mwisho uitie kwenye mkoba wako. Nilikuwa ukumbini. Nilisikia mablanketi yakiinuliwa, kisha yakiinuliwa tena.

"Awuor, umeona foronya nyeupe? Imefungwa utepe."

"Sijaona."

"Hukuipeleka na vile vingine?"

"Sijaona foronya yoyote."

Ulikwenda kwa Bwana Wekesa. Ulimwomba afungue masanduku mawili ya shuka yaliyofungwa Alhamisi. Akakuambia kwa adabu kwamba wakianza kufungua, hawatamaliza kabla jua halijazama, na wewe mwenyewe ulikuwa umemwambia jana kwamba u Msabato, na Sabato ikiingia hutasafiri. Ukasema, "Fungua tu." Misumari ikang'olewa. Shuka zikatoka zote sakafuni. Hamna. Ukaomba la tatu. Hamna. Ulikuwa umepiga magoti kwenye nyasi zile, mikono ndani ya sanduku hadi mabegani, na hukumwambia mtu yeyote kilichokuwa ndani ya hiyo foronya.

Hukumshuku mtu. Lakini Bwana Wekesa alisikia alichosikia. Aliweka nyundo chini. "Mama, sisi si wezi," alisema. "Miaka yote hii sijapoteza hata kijiko ya mtu." Akawaita wenzake wawili, akachukua mkoba wake wa chakula, akaumwaga mbele yetu: kipande cha muhogo, shati, kitabu kidogo cha nyimbo za kanisa. Wenzake wakageuza mifuko ya suruali nje. Ukawa unasema, "Hapana, Bwana Wekesa, sikusema hivyo, tafadhali." Yeye hakukutazama. Mtu wa umri wa babu yangu alisimama kwenye sebule yetu na mifuko nje, nami nilikuwa hatua tano kutoka kwake nimekunja shuka, na ningeweza kusema neno moja.

Sikusema.

Walirudia kufunga kimya kimya. Saa kumi hivi Mama Ouma akaja kutuaga. Mvua ilikuwa imenyesha, kulikuwa na baridi kidogo, na mtoto alikuwa amevaa sweta ya manjano na kofia yake.

"Mama Awuor, nimekuja kushukuru," alisema akiwa bado mlangoni. "Hizi nguo hata dukani hakuna. Ona vile zimemkaa!"

Nyundo zilinyamaza. Bwana Wekesa alimtazama mtoto, kisha akakutazama wewe. Mimi nilitazama sakafu. Nilisikia ndala zako zikienda mlangoni. Nilipoinua macho ulikuwa umeshika mkono wa mtoto, unakunja ncha ya mkono wa sweta uliozidi kidogo.

"Akikua kidogo itamtosha," ulisema. "Usiifue kwa maji moto, itasinyaa."

Kisha ukamgeukia Bwana Wekesa mbele ya wote. "Baba, nisamehe. Nimekumbuka sasa. Niligawa mwenyewe."

Akaokota nyundo yake, akasema, "Ni uchovu ya kuhama, mama. Hata mimi mke wangu hutafuta miwani akiwa amevaa." Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka. Hukunitazama hata mara moja, na hapo ndipo nilipojua kwamba umejua.

Jua lilizama lori likiwa ndiyo kwanza linafungwa turubai. Hukukubali kupanda. Lori likaenda na kila kitu, na sisi wawili tukabaki katika nyumba tupu na vile vilivyokuwa chumbani mwangu tu: mikeka miwili, birika, vyombo vya kulia, vyeti, sanduku la bati. Jumamosi tulikwenda kanisani, tukarudi mchana, tukakaa sakafuni sebuleni kula mahindi na maharagwe tuliyopika Ijumaa. Sauti zetu zilikuwa zikigonga kuta na kurudi, kwa hiyo tulisema polepole.

"Migori mimi sikuitaka," ulisema. Ulikuwa unatafuna, kama mtu anayezungumzia bei ya kitu sokoni. "Nilimwomba baba yako akatae. Lakini cheo hakikataliwi."

Nikachota maharagwe mengine.

"Kule kwetu niliolewa kabla ya baba yako. Miaka minane. Sikupata mtoto, nikarudishwa nyumbani. Soko la Migori watu wa kwetu wanalijaza. Kila nitakapokwenda kununua ndizi, atakuwepo mtu anayejua." Ulijaza kikombe changu maji. "Nilipokuja kwenu nilisema labda hapa. Mwaka wa kwanza nikafuma. Mwaka wa pili nikaacha, lakini kuzitoa nikashindwa. Sasa zimetoka. Yule mtoto ana baridi, mimi nilikuwa nazitunza tu." Ukanitazama kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Una swali?"

Ulinifungulia mlango, Mama Mdogo. Uliuacha wazi kabisa ukangoja. Nikasema, "Hapana." Ukasema sawa, ukakusanya sahani.

Jumapili Baba alikuja na gari la idara. Aliuliza kwa nini tulichelewa. Ulimwambia jua lilituwahi.

Na Migori ilikuwa kama ulivyosema. Nilikuwa nawe sokoni wanawake wa Kehancha walipokusalimu kwa Kikuria na kunipima kwa macho, kisha kunong'onezana. Ulinunua ndizi zako, ukahesabu chenji, ukaenda. Uliendelea kwenda soko lile lile kila juma hadi walipochoka kukutazama. Sijawahi kuona ujasiri mwingine unaofanana na huo.

Mwezi wa pili nilikwenda mtoni na wasichana wa jirani bila kuaga, mto ukiwa umejaa, nikarudi jioni nimelowa. Ulikuwa unangoja kwenye lango. Ulinigombeza kutoka langoni hadi jikoni, kwa Kiswahili, kilipokuishia ukatumia Kikuria, na kwa mara ya kwanza nikasikia maneno ya Kijaluo yakikutoka, mabaya yote, sijui ulijifunzia kwa nani. Nilisimama nikichuruzika maji nikasema, "Nisamehe, Mama." Sikuongeza Mdogo. Ulinitupia taulo ukaendelea kugomba.

Miaka baadaye, nilipokuwa karibu kuolewa, nilikuuliza kwa nini Homa Bay hukuwahi kunigombeza, hata siku niliyostahili. Ulikuwa unakata mboga. "Mgeni hagombezwi," ulisema. "Nilikuwa nangoja umalize ugeni."

Mtoto hukupata. Ulinilea mimi, ukawalea wanangu wanne. Bwana Wekesa sikumwona tena, na deni langu kwake ni la kuomba radhi, nalo sasa halina pa kulipwa.

Mwaka jana, ulipokuwa umelazwa Homa Bay, mji ule ule, nilikuja na uji. Nilikuwa nimelipanga neno langu njia nzima kutoka Migori. Nilikaa kitandani, nikakushika mkono, nikasema, "Mama, zile nguo za mtoto. Zilizokuwa kwenye foronya."

Ulifungua macho. "Nguo gani?"

"Zile za manjano. Tulipohama. Ni mimi niliye—"

"Awuor," ulisema, "uji huu umepoa."

Nikaenda kuupasha moto kwa wauguzi. Niliporudi uliunywa wote, jambo ambalo hukuwa umelifanya kwa siku nyingi, ukanirudishia kikombe ukaomba nikufunike miguu. Hadi leo sijui kama ulikuwa umesahau kweli, au ulinikataza kulisema. Nilifunika miguu yako. Nilikaa hapo hadi ulipolala.

Pumzika kwa amani, Mama.

Ni mimi mwanao,
Awuor